Ugoro wa Baba Mkwe

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, mume wangu alikuwa anaingia stoo, anachagua kitunguu kimoja, anakikata kwa kisu chake ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, kisha anakinusa kwa tundu moja la pua halafu kwa la pili. Kikimtoa machozi, siku imeanza. Asipokisikia vizuri, labda kwa sababu ya baridi tu ya Karatu, siku hiyo hatoki chumbani, hali na sisi, hapokei simu. Mimi nauza vitunguu vya Mang'ola, jumla na rejareja, na sijawahi kupata mteja msumbufu kama huyo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia majirani ili wacheke. Walicheka, nami nikacheka nao. Mdomo wangu ni mkali tangu utotoni, na wakishasikia kwamba mimi Ndeshi ni Mmachame hawahitaji maelezo zaidi. Mnajua wenyewe yanayosemwa kuhusu sisi wanawake wa Machame, kwamba tunawazika waume zetu mapema. Lakini kila Lekishon, mume wangu huyo, aliposhika kile kitunguu, nilikuwa nageukia magunia nisimtazame, na sababu yake nilikuwa naijua mimi peke yangu.

Lekishon alikuwa dereva wa watalii. Hapa mjini tunawaita magaidi, maana ndio wanaowaongoza wageni porini, na ni watu wa heshima zao. Mtu wa Dar akimsikia mama wa Karatu akijisifu kwamba bintiye kaolewa na gaidi, hushika mkoba wake vizuri. Kwao Lekishon ni Nainokanoka, juu kule Ngorongoro kwenye ukungu na ng'ombe. Nilimpata akija kununua vitunguu vya jiko la kambi. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuimba akiendesha, mtu wa kubeba mtoto wa jirani aliyejaa makamasi bila hata kujifuta bega. Ninayasema haya ili mjue nilipoteza nini.

Mwaka ule wa corona wageni waliisha kabisa. Magari yalipangwa uani na kufunikwa maturubai, na magaidi wakawa wanacheza bao mchana kutwa. Tulivumilia. Kilichotuvunja kilikuja mwaka uliofuata, mwezi wa tatu. Siku zile ugonjwa wenyewe haukutajwa sana kwa jina. Mtu akizidiwa, watu walisema amepata changamoto ya upumuaji. Akifa, walisema changamoto imemchukua. Ukiuliza zaidi unaonekana mchokozi.

Lekishon alipanda kwao kuwasalimia wazazi, akalala siku mbili, akarudi. Siku ya sita baba yake akaanza kubanwa kifua. Siku ya kumi na mbili akazikwa. Hakuna aliyempima, hakuna karatasi iliyosema lolote. Na jina la baba mkwe halikutajwa tena, kwa sababu Wamasai hawamtaji marehemu. Mtu akishafariki, jina lake linalala naye. Sisi Wachaga tunawazika watu wetu kwenye mgomba nje ya mlango, tunawataja asubuhi na jioni, tunabishana nao kabisa. Wao hapana. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa na jina, na aliyeuawa nao hakuwa na jina, na mtu angeanzia wapi kuzungumza?

Lekishon hakuzungumza. Alianza kunawa.

Mwanzoni niliona ni uchungu wa msiba. Kisha vidole vikapasuka kwa dawa ya kutakasa mikono, damu ikawa inatoka kwenye viungo akishika usukani. Akahamia chumba cha nyuma. Akaanza kuhesabu pumzi zake, mkono kifuani, akitazama saa. Barakoa akavaa hadi akiwa peke yake. Binti yetu Angel, aliyekuwa na miaka saba, alimpeleka shule ya bweni kule Mbulumbulu, akaniambia, "Akae mbali na mimi, Mama Angel. Mimi nimeshamuua mmoja." Hapo ndipo nilipojua kilichomo kichwani mwake. Aliamini kwamba aliupata ugonjwa mjini, akaupandisha mlimani, akampa baba yake mkono.

"Nani amekuambia?" nilimuuliza.

"Hakuna anayeniambia. Umeona? Nikipiga simu nyumbani hakuna hata mmoja anayemzungumzia mzee. Wananinyamazia."

"Si ndiyo mila yenu!"

"Najua mila yetu. Huku ni kuninyamazia kwingine."

Wageni walirudi, kazi ikarudi. Akajitahidi. Siku moja aliwashusha wageni ndani ya Kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Seneto, madirisha yote wazi, vumbi limejaa hadi kwenye meno ya watu. Mama mmoja wa Kijerumani akapiga chafya. Lekishon akasimamisha gari palepale, akafungua mlango, akashuka, akaenda kusimama kwenye majani hatua thelathini kutoka kwenye gari. Nyati walikuwa karibu kiasi cha kumsikia akikohoa. Kwake yeye nyati walikuwa salama kuliko pua ya yule mama. Wageni wakadhani ni sehemu ya safari, wakampiga picha. Ilibidi rafiki yake Elirehema, aliyekuwa nyuma na gari jingine, amshike mkono kumrudisha. Ofisi hawakumfukuza. Waliacha tu kumpigia simu.

Mchungaji aliomba. Wazee wa kanisa walisema ana mawazo, kana kwamba mawazo ni mafua, yatapita. Germana, nesi tunayesali naye, ndiye pekee aliyenikalisha chini. "Mapafu yake ni mazima kuliko yangu, dada. Hii ni akili imeumia, na ina watu wake wa kuitibu. Mlete kliniki." Tulikwenda. Kwenye benchi mzee mmoja akakohoa, na Lekishon alikuwa ameshavuka geti kabla jina lake halijaitwa.

Sasa nifike kwenye ugoro. Nimezunguka vya kutosha.

Baba mkwe hakufurahia mwanawe kuoa Mchaga. Kilichomlainisha ni ugoro wangu. Nilikuwa nanunua tumbaku nzuri, naitwanga kwenye kinu na magadi, naichekecha hadi inakuwa laini kama unga wa mtoto, naijaza kwenye kopo. Mzee akisikia Lekishon anakuja alikuwa anauliza kwanza kama mke wa Karatu ametwanga. Kutwanga ugoro si kazi ya mchezo. Utapiga chafya hadi kanga idondoke, na jirani yangu Leonida alikuwa anatoka kwake kuja kunicheka tu.

Wiki ile kabla Lekishon hajaenda, nilipata homa siku mbili. Kichwa kizito, kifua kimekaza kidogo. Nilijifukiza majani ya mkaratusi, nikanywa tangawizi, nikapona, nikarudi stoo. Nikasimama katikati ya magunia ya vitunguu, nisisikie harufu hata ya kimoja. Nikajua ni mafua. Nani hajui mafua? Kesho yake nikatwanga ugoro mwanzo hadi mwisho bila kupiga chafya hata moja, nikajisifu kwa Leonida kwamba sasa nimekuwa fundi. Nikapuliza vumbi kwenye kifuniko kwa mdomo wangu huu. Nikafunga kopo, nikampa Lekishon, nikamwambia, "Mwambie baba ni mkono wangu."

Mzee aliufungua mbele yake. Alivuta mara tatu, akasifia. Lekishon mwenyewe aliniletea habari hiyo akicheka.

Ilikuwa miezi baadaye, nachambua vitunguu na redio ikizungumza pembeni, ndipo niliposikia daktari akieleza dalili. Kupoteza harufu, akasema. Nilikaa juu ya gunia. Nakumbuka mteja aliniuliza bei mara mbili nikamtazama tu. Lakini wakati huo Lekishon alikuwa ameshajipa kosa, ameshaanza kunawa, na mimi nikaona mzigo umeshapata mbebaji. Nisiseme uongo: nilishukuru. Siku ya kwanza nilishukuru. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, na mimi niliyaficha yangu kifo kikamuumbua mtu mwingine. Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi kusema. Nikawa mkali. Nilimgombeza kwa sabuni, kwa kisu, kwa kitunguu. Watu walidhani nimechoka na ugonjwa wa mume. Nilikuwa naogopa kwamba siku moja atanitazama tu na kujua.

Mwezi wa sita mwaka huu mdogo wake, Moloimet, alinipigia mimi, si yeye.

"Shemeji, Yeyo macho yake yanakwisha," alisema. Yeyo ndiyo mama kwa Kimasai, na mama mkwe wangu Nalotuesha tunamwita hivyo wote. "Ukungu umeingia. La kushoto limeshafunga, la kulia linaona kivuli kivuli. Daktari anataka kumpasua, yeye amekataa. Anasema kwanza amwone Lekishon uso wake. Hata wakimharibu huko, awe ameshamwona. Miaka mitatu, shemeji. Huyu mtu hana mama?"

Nilimweleza Lekishon akiwa amesimama mlangoni pa chumba chake, mimi nikiwa uani, maana ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Alitikisa kichwa hadi nikaihofia shingo yake.

"Nitamuua na yeye."

"Anapofuka, Baba Angel."

"Bora awe kipofu yuko hai."

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, kisha nikaosha uso nikaenda kwa Elirehema. Elirehema ni Mmeru, mpole, mtu asiyeuliza maswali mawili mahali ambapo moja linatosha. Alisema atatupeleka Alhamisi, hana wageni. Lekishon tulimpata kwa kumwahidi kila alichotaka: atakaa nyuma peke yake, madirisha wazi, barakoa mbili, na akifika hataingia bomani. Atasimama mbali, mama amwone, waondoke. Nilikubali kila kitu. Nilidhani akishamwona mama yake miguu itajipeleka yenyewe.

Tulipita geti la Lodoare asubuhi, baridi ikiingia madirisha yote, mimi nimejifunga mablanketi mawili mbele. Kwenye kioo nilimwona amefumba macho, midomo inakwenda. Anahesabu. Kule ukingoni mwa Kreta ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Elirehema aliendesha kwa kusikiliza. Mara mbili Lekishon alisema turudi. Mara mbili Elirehema alijibu, "Nikipata pa kugeuzia, kaka," na kuna mahali pengi pa kugeuzia barabara ile.

Nilikuwa na saa mbili nzima za kumwambia. Nilifungua mdomo tulipoanza kupanda, nikaufunga. Nikaufungua tena tulipoacha barabara kubwa. Nikajiambia, akishamwona mama yake hakutakuwa na haja.

Boma lao liko kwenye mteremko, miiba imelizunguka, ng'ombe walikuwa wameshatoka. Watu walitusikia mapema. Moloimet alikuwa nje na wazee wawili, wifi yangu Nashipai kwenye mlango wa nyumba ya mama yake, watoto wamejipanga. Lekishon alishuka kwenye gari, akatembea hatua chache, akasimama. Alikuwa mbali nao kama uwanja wa mpira wa shule. Akanyoosha kiganja.

"Hapa panatosha," alisema.

Nashipai akamtoa Yeyo. Sikuwa nimemwona kwa miaka hiyo mitatu. Alikuwa amepungua, shanga zimemwelemea shingo, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwa bintiye. Alisimama akageuza kichwa huku na huku, akitafuta.

"Yuko wapi?" aliuliza kwa Kimasai. Hicho nakielewa.

"Yeyo, mimi hapa," Lekishon akasema.

Yeyo akauachia mkono wa Nashipai, akaanza kuja.

"Simama hapo, Yeyo. Unaniona? Simama hapo hapo."

Hakusimama. Alikuja akiifuata sauti, fimbo inapapasa majani. Lekishon akarudi nyuma hatua mbili. Yeyo akaja hatua nne. Akarudi tena. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau: alinyamaza. Alijua mama anafuata sauti, akaifunga sauti, akawa anarudi kinyumenyume kimya kimya, mkono juu ya barakoa. Yule mama akafika alipokuwa amesimama mwanzo, akanyoosha mkono kumshika, akashika ukungu. Akageuka upande ambao mwanawe hakuwepo. "Lekishon?" Akaita kama anayemwita mtoto aliyepotea mnadani. "Lekishon?" Watoto wawili walianza kucheka, wakapigwa.

Nilimtazama mume wangu. Macho juu ya barakoa yalikuwa ya mtu anayezama. Alikuwa anampenda mama yake kuliko kitu chochote duniani, na alikuwa anamkimbia kwa kosa langu.

Sikupanga. Ningepanga ningesema kwa adabu. Nilipiga kelele.

"Si wewe, Lekishon! Ni mimi! Nilikuwa mgonjwa mimi! Ule ugoro niliutwanga nikiwa sisikii harufu, nikaupuliza kwa mdomo wangu, wewe ukampelekea mzee! Mimi ndiye niliyemuua Lekoko!"

Nilisikia jina likitoka na nikajua nimefanya nini. Nashipai aliweka mikono kichwani. Mzee mmoja alitema mate chini, akageuka. Hata Elirehema, asiye Mmasai, alishuka kwenye gari akavua kofia. Miaka mitatu jina lile lilikuwa limelala, na aliyekuja kuliamsha mbele ya mjane wake ni mke wa Karatu mwenye mdomo.

Lekishon alikuwa ameganda. Alisahau kurudi nyuma. Alikuwa ananitazama mimi, mikono imelegea, na ndipo Yeyo alipomfikia. Alimgonga kwa fimbo kwanza, kisha akamshika kwa shuka, akamvuta kama anavyovutwa ndama, akapandisha vidole usoni, akaivua barakoa ya kwanza, akaivua ya pili. Akausogeza uso wa mwanawe kwenye jicho lake la kulia hadi pua zikagusana. Akakaa hivyo. Nilimsubiri Lekishon aruke. Hakuruka. Akashuka chini taratibu na mama yake akashuka naye, wakakaa kwenye majani yenye umande, yeye analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume. Lakini muda wote, juu ya bega la mama yake, macho yake hayakuniacha mimi. Hayakuwa macho ya shukrani.

Moloimet alinifuata akasimama mbele yangu. "Shemeji, unajua umefanya nini hapa?"

"Najua."

"Hujui," alisema, akaondoka kwenda kuzungumza na wazee.

Nashipai alinipeleka ndani ya nyumba ya Yeyo, akanipa chai ya maziwa, akatoka bila kuniangalia. Nilikaa kwenye giza lile la moshi, kikombe mkononi. Nilifikiri: watanifukuza, na wana haki. Nilifikiri jinsi nitakavyomweleza Angel. Nje nilisikia sauti ya Lekishon ikizungumza na watu, na ilinichukua muda kujua nini kimebadilika. Haikuwa imezibwa na kitambaa.

Mlango ukazibwa na mtu. Alikuwa Yeyo, ameingia peke yake kwa kupapasa ukuta. Nyumba yake haihitaji macho. Alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa moto. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kimasai changu kibovu. Akapiga fimbo chini.

"Nyamaza, Ng'oto Angel." Mama Angel, yaani. Kiswahili chake ni cha mnadani, kifupi. "Mimi nilikohoa kwanza."

Sikuelewa.

"Mnada. Nilienda kuuza mbuzi. Nikarudi na kikohozi, na moto mwilini. Lekishon bado hajakuja. Siku nne, bado hajakuja. Mzee akaniuliza, hicho ni nini? Nikasema moshi." Aliuelekeza uso wake kwenye moto, kana kwamba moshi ule ni ule ule. "Tulikuwa tunalala ngozi moja."

"Yeyo," nilisema. "Kwa nini hukumwambia mtoto?"

"Wewe kwa nini hukumwambia?"

Nikasukuma kuni motoni, yeye akaendelea.

"Nilimngoja aje nimwambie usoni. Leo amekuja, ameshika shingo yangu. Amekula mkononi mwangu sasa hivi, umesikia? Kipande cha nyama, mkononi mwangu." Alinyoosha kile kiganja kunionyesha. "Nikimwambia, ataondoa mdomo. Wewe yeye amekukasirikia. Mwanaume akimkasirikia mke anakula, analala, anapona. Mimi nitamtazama na jicho gani? Limebaki moja." Akasogea, akanishika mkono, akaubana kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwili ule. "Usimwambie."

Nilitaka kupiga kelele tena. Miaka mitatu nimebeba kitu ambacho huenda si changu, nimekibeba hadi kimenigeuza mke mwenye kisirani, na siku nilipokitua chini mwenye nacho ananiomba nikiokote. Lakini hakuuachia mkono wangu, na hofu ile ya kujulikana niliitambua. Ilikuwa yangu.

Wakati wa kuondoka, Lekishon hakupanda gari. Alikuja hadi kwenye dirisha langu, akiwa wazi uso, ndevu zimeota ovyo, akaniita kwa jina langu kama mtu wa baraza. "Miaka mitatu, Ndeshi. Umeniangalia miaka mitatu." Kisha akamwambia Elirehema aendeshe taratibu, ukungu utarudi. Wazee walikuwa wameshasema nitaleta kondoo kwa kulitaja jina. Nilikubali kabla hawajamaliza.

Wiki hiyo nilifungua stoo kila siku na sikumbuki niliuza nini. Leonida aliuliza mteja wangu msumbufu yuko wapi, akacheka, na mimi nikamtazama hadi akaacha. Nilikuwa nashtuka kila simu ilipolia. Niliwaza ataoa huko. Niliwaza hofu itamrudia amtoroke mama yake na kuingia porini. Niliwaza Yeyo atamwambia, niliwaza Yeyo hatamwambia, sikujua lipi naogopa zaidi. Germana alinipa karatasi ya kliniki yenye tarehe. Nilimuuliza ni ya Lekishon au ni yangu. "Njooni wote," akasema.

Siku ya tisa alipiga. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, na mama yake alikuwa naye, maana nilimsikia akizungumza pembeni.

"Yeyo amekubali kupasuliwa," alisema. "Nitampeleka mimi."

"Hospitali? Wewe?"

"Mimi. Nimelala usiku nane, Ndeshi. Nikiamka nakuchukia, halafu naenda kukamua."

"Vizuri," nikasema.

"Kitu kimoja," akasema, na sauti ikashuka, ile sauti ya zamani ya kuhesabu. "Nimekaa nikifikiri. Yeyo amepokea jambo hili kirahisi mno. Moloimet anasema hata Yeyo alikuwa na kikohozi siku zile, au watu wanakumbuka vibaya. Wewe una hakika? Una hakika ilitoka kwako?"

Pembeni yake sauti ya mama mkwe ilikatika. Hakuelewa Kiswahili chote, lakini neno kikohozi analijua. Nilimwona kabisa, jicho lile moja limegeukia simu, linangoja. Nilikuwa na jibu mdomoni, lote, la kweli, lenye kuniweka huru mimi na labda kumrudisha mume wangu nyumbani wiki hiyo hiyo.

"Ni mimi, Baba Angel," nikasema. "Nina hakika."

Akakata simu.